Nani Atampa Kijana Kazi ya Kwanza?

Yapo maswali ambayo seminarista huyajibu vizuri katika mtihani wa falsafa, akapewa alama njema, akadhani ameachana nayo. Kumbe swali lenyewe halijaanza. Lamngojea siku atakapokuwa padre, nalo litamjia jioni baada ya Misa, na kubisha hodi mlangoni pa ofisi.

Ndivyo lilivyonijia mimi. "Tumsifu Yesu Kristu, Padre." "Milele amina. Karibu, keti." Alikuwa kijana wa kwaya yetu, mwenye adabu, amebeba bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na shahada ya elimu ya kompyuta, aliyoisomea kwa mkopo ambao hajaanza kuulipa, na karatasi mbili zilizojaa majina ya makampuni na maofisi aliyokwisha kuyaomba kazi. Mengi hayakumjibu. Yaliyomjibu yalisema neno moja: anatakiwa mtu mwenye uzoefu usiopungua miaka mitatu katika kuandika programu za kompyuta.

Kisha alisema lililomleta. "Padre, naomba uniandikie barua kwamba kwa miaka mitatu nimetunza kompyuta za parokia na kuziandikia programu. Kazi yenyewe naiweza. Wao wataka karatasi tu, na karatasi yenye muhuri wa Kanisa wataiamini."

Nilimkatalia, nikamweleza sababu. Hakubisha. Alizirudisha karatasi zake katika bahasha, akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Basi, Padre, huo uzoefu niupate wapi, ikiwa kila mwenye kazi ataka niwe nimekwisha kuupata kwa mwingine?" Nilimwambia kwamba tutasali. Alishukuru, akaenda zake.

Usiku ule sikupata usingizi mwema. Kwamba uongo ni dhambi, nilisema sawasawa, wala sitanguki. Lakini kijana alikuwa ameuliza swali la pili, nami nililijibu la kwanza tu. Leo nataka kulijibu la pili mbele ya wasomaji wote, maana si la kijana mmoja. Parokia zetu zimejaa wana na mabinti waliosomeshwa kwa ng'ombe waliouzwa na kwa mikopo ya serikali, nao wamesimama nje ya mlango huo huo.

Uzoefu ni kitu gani

Wapo wasemao kwamba sharti la uzoefu ni kisingizio tu cha matajiri. Sisi hatusemi hivyo, maana si kweli. Mwandishi wa programu ndiye aandikaye maagizo ambayo kompyuta huyafuata neno kwa neno. Fedha unazomtumia mama yako kijijini kwa simu, dawa zinazohesabiwa katika bohari ya hospitali, matokeo ya mtihani wa mtoto wako, yote hupita katika maagizo kama hayo. Nayo mashine haina huruma: ukiipa agizo lenye kosa, itatii kosa lako mara elfu kwa siku. Kwa hiyo mwenye benki au mwenye hospitali akiuliza, "Ni nani atakayeigusa programu yangu?" auliza swali la busara.

Tena shule haiwezi kuimaliza kazi hiyo. Chuoni mwanafunzi huandika programu ndogo, mpya, ya peke yake. Mwalimu akiisha kuisahihisha, imekwisha. Kazini atakuta programu kubwa iliyoandikwa na watu wengi kwa miaka mingi, baadhi yao wamekwisha kuondoka, naye apaswa kubadili mstari mmoja pasipo kuvunja mingine. Bingwa mmoja wa Denmark, Peter Naur, alieleza katika makala ya mwaka 1985 kwamba programu si yale maandishi tu. Iliyo hasa ni ule ufahamu uliomo vichwani mwa walioitengeneza. Na ufahamu huo haurithishwi kwa karatasi peke yake, bali mgeni sharti afanye kazi bega kwa bega na wenyeji. Naye Frederick Brooks, aliyeongoza kazi kubwa ya programu katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi, maana wenye ujuzi hulazimika kuacha kazi ili wawafundishe wageni. Basi tukubali bila kinyongo: kumpokea asiyejua ni gharama, na mwenye kampuni aonaye gharama hiyo si mtu mbaya.

Lakini angalia, msomaji, jambo hilo hilo latuelekeza wapi. Aristoteles wa Ugiriki alifundisha, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino akamfuata, kwamba yapo mambo ambayo mtu hayajui kwanza ndipo ayafanye, bali huyajua kwa kuyafanya: mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Wahenga wetu walisema hayo hayo kwa maneno machache: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Hawakusema mwana huyo akae nje ya kiwanda mpaka atakapojua kusana. Walimpa mvukuto, wakamweka karibu na moto, aone jinsi chuma kinavyobadilika rangi na saa gani nyundo inashuka. Alikuwa na faida tangu siku ya kwanza, maana moto ulihitaji upepo. Na huku akivukuta, alijifunza.

Hapa ndipo tunapokiona kiini cha swali. Shahada kijana aliweza kuitafuta kwa jasho lake. Uzoefu hawezi kujipa mwenyewe, hata akiwa na bidii namna gani, kama vile mtoto asivyoweza kujipa jina. Ni mali ambayo lazima mtu aipokee kutoka kwa mwingine. Kumtaka mtu awe nayo, na papo hapo kila mwenye kuitoa akikataa kuitoa, ni kumdai kitu ambacho tumekificha wenyewe.

Walioanza walianzaje

Mtu atasema kwamba kazi hii ni ya namna ya peke yake, haina nafasi kwa wanaoanza. Tuiulize historia yake.

Mwezi Februari 1946, mjini Philadelphia huko Marekani, watu walionyeshwa kompyuta kubwa iliyoitwa ENIAC. Walioipangia maagizo yake walikuwa wanawake sita, waliochaguliwa miongoni mwa wale waliokuwa wakipiga hesabu kwa mkono kwa ajili ya jeshi. Hapakuwa na kitabu cha kuwafundisha, maana kitabu hicho kilikuwa hakijaandikwa. Walijifunza kwa kuchungulia michoro ya mashine na kuwauliza mafundi. Miaka miwili kabla ya hapo, Grace Hopper, mwalimu wa hisabati aliyejiunga na jeshi la majini, alipelekwa Harvard kufanya kazi katika kompyuta ya Mark I. Naye alikuwa hajapata kufanya kazi na mashine ya namna hiyo. Baadaye alikuwa mmoja wa waliojenga misingi ya lugha za kuandikia programu. Kama mlango wa Harvard ungalibandikwa tangazo la kutaka uzoefu wa miaka mitatu, asingaliingia mtu hata mmoja.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa padre. Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alitaka kuorodhesha kila neno alilolitumia Mtakatifu Tomaso wa Akwino katika maandiko yake. Aliona kwamba kwa mkono kazi haitakwisha, basi mwaka 1949 akaenda New York kwa mkuu wa IBM, Thomas J. Watson, kuomba msaada wa mashine zake. Alikubaliwa. Zamani zile mashine zilisoma kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu, na kutoboa kadi hizo bila kosa ilikuwa kazi ya ustadi. Mwaka 1954 Padre Busa alifungua shule ya kufundisha wasichana kazi hiyo. Na sharti lake la kuingia lilikuwa nini? Kwamba iwe ndiyo kazi ya kwanza ya mwombaji. Aliyekwisha kufanya kazi mahali pengine hakupokelewa.

Msomaji asidhani kwamba padre yule alikuwa mtu wa huruma isiyo na hesabu. Baada ya mwezi mmoja wa majaribio alibakiza mmoja kati ya kila watano. Waliobaki walifundishwa kwa mihula minne, saa nane kila siku. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba viwanda vilitaka kuwaajiri wasichana hao hata kabla hawajamaliza. Na kazi yao ilizaa orodha kuu ya maneno ya Mtakatifu Tomaso, vitabu 56, vilivyotoka chapa kati ya mwaka 1974 na 1980. Padre Busa alitafuta uwezo. Hakutafuta habari za kale za mtu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na katika matangazo ya leo tumeyachanganya.

Ni haki ya namna gani

Mwenye kampuni aweza kunijibu: "Padre, maneno yako ni mazuri, ila mimi sina deni kwa kijana huyo. Sikumwita, sikumwahidi kitu. Nikimfundisha kwa mwaka mzima, kesho atahamia kwa jirani yangu anayelipa zaidi. Haki iko wapi hapo?"

Seminarini tulifundishwa kupambanua, na hapa kupambanua kwafaa. Ipo haki ya mapatano, baina ya mtu na mtu: nimenunua, nalipa; nimeahidi, natimiza. Kwa haki hiyo mwenye kampuni asema kweli. Kijana fulani hawezi kumshtaki kwa kutomwajiri. Lakini ipo pia haki inayomdai mtu kwa sababu yumo katika jumuiya na kula matunda yake. Wanakijiji wote wachota maji katika kisima kimoja. Hakuna mapatano kati yangu na jirani kwamba nizoe matope ya kisima. Lakini nikichota kila siku na siku ya kuzoa matope nisionekane, hakuna mzee atakayesema mimi ni mtu wa haki. Kila mfanyakazi mwenye uzoefu ambaye mwenye kampuni amwajiri leo, alifundishwa jana kwa gharama ya mwingine: mtu mmoja alivumilia makosa yake ya kwanza. Achotaye uzoefu wa watu waliofundishwa na wengine, naye asifundishe hata mmoja, aishi kwa mkopo asiotaka kuulipa.

Na kwamba mzigo huu haubebwi na mmoja, twaona kwa mfano wa karibu. Mwaka 2014 ilianzishwa Lagos kampuni ya Andela, ikafika Nairobi mwaka uliofuata. Iliwachagua vijana wa Kiafrika kwa kupima uwezo wao, ikawafundisha kuandika programu huku ikiwalipa, kisha ikawafanyisha kazi kwa makampuni ya nchi za mbali. Wengi walipata hapo mwanzo wao. Lakini Septemba 2019 ilitangaza kuwaachisha kazi mamia ya wale waliokuwa wangali wachanga kazini, katika Nigeria, Uganda na Kenya, ikieleza kwamba wateja wake wataka watu wenye uzoefu zaidi. Siwalaumu hapa. Nasema tu kwamba wanakijiji wote wakitaka kuchota, mzoa matope mmoja atachoka.

Ndiyo sababu Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, hakusema juu ya mwajiri mmoja tu. Alifundisha kwamba nyuma ya mwajiri tunayemwona yupo mwajiri mwingine tusiyemwona wazi: serikali, sheria, mashirika, desturi za biashara, yote yanayoamua kama kazi itapatikana na kwa masharti gani. Na katika waraka huo alitaja kwa uchungu vijana ambao baada ya kujitayarisha kwa masomo na ufundi hawapati kazi. Basi deni ni la wengi pamoja. Lakini tuwe macho: deni la wengi hugeuka upesi kuwa deni la hakuna mtu. Kila mmoja ajiulize sehemu yake.

Juu ya barua ya uongo

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Ikiwa mlango umefungwa kwa udhalimu, je, si halali aupite kwa ujanja? Mtakatifu Tomaso mwenyewe afundisha kwamba mtu aliye katika shida kuu ya njaa, akichukua mkate wa mwingine ili asife, haibi. Mbona barua isiwe kama mkate?

Kwa sababu mkate uliumbwa ili uliwe na watu wote, lakini neno la kweli haligawanyiki hivyo. Anayesoma barua yangu anatia imani yake ndani yake. Nikiandika kwamba kijana ametunza programu kwa miaka mitatu, kesho atapewa funguo za hesabu za watu asizoweza bado kuzilinda peke yake, wala hataweza kuuliza, maana aliyesema anajua hana ruhusa ya kuuliza. Hiyo ndiyo adhabu iliyofichika ya uongo huu: unamnyima mwanafunzi haki yake ya kwanza, ndiyo kusema "sijui, nifundishe." Mtakatifu Tomaso aliuhesabu unyenyekevu wa kufundishika kuwa sehemu ya busara, mwenye barua ya uongo amejiondolea sehemu hiyo kabla hajaanza. Tena yuko mwingine, labda binti wa parokia ya jirani, aliyejaza fomu yake kwa kweli. Barua yangu ingalimpokonya nafasi huyo, si tajiri.

Hali kadhalika kuonyesha kazi ya mwingine kana kwamba ni yako, au kupata nafasi kwa bahasha na kwa ujomba. Kwa njia hizo kijana haufungui mlango. Amsukuma mwenzake atoke, akae yeye.

Je, hana njia ya kweli? Anayo, ingawa si pana. Katika kazi hii, kuliko katika nyingi nyingine, mtu aweza kutengeneza kitu kidogo na kukiweka mahali watu watakapokiona. Zipo programu huria, ambazo maandishi yake yako wazi kwa wote, na mtu yeyote aweza kuyasoma, kuyasahihisha na kuyaongeza. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwenye miaka 21, alianza Linux kama jambo la kujifurahisha. Leo yatumika katika mitambo ya dunia nzima. Na kwetu, mwaka 2004, kwa mradi wa Kilinux uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, programu ya kuandikia barua na hesabu ya OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kazi za namna hiyo zahitaji mikono mingi: kutafsiri, kujaribu, kueleza makosa. Atakayezifanya ataweza kusema kwa kweli, "Tazameni, hii niliifanya mimi."

Walakini tusiwe wepesi wa kuhubiri. Njia hiyo ni rahisi kwa mwenye kompyuta yake, umeme wake na fedha ya intaneti. Binti anayewahi kuchota maji, kupika na kutunza wadogo zake, halafu akaazima kompyuta kwa saa moja, hana njia sawa na mwana wa mkurugenzi. Asiyeonyesha kazi za nyumbani si lazima awe mvivu. Tuyakumbuke hayo kabla hatujasema kwamba vijana wa siku hizi hawajitumi.

Neno kwa wenye kazi

Kwa wenye makampuni nasema mambo matatu. La kwanza, pimeni uwezo. Mpeni mwombaji kazi ndogo ya kweli, mlipe siku yake, mtazame jinsi anavyofikiri na jinsi anavyouliza. Hilo litawaambia mengi kuliko hesabu ya miaka.

La pili, msigeuze mwanzo wa kijana kuwa mavuno yenu. Imekuwa desturi kuwaita vijana "kujitolea", wakafanya kazi kamili mwezi baada ya mwezi bila mshahara, na ahadi ya barua mwishoni. Kumfundisha mtu ni tendo jema, wala si lazima mwanafunzi alipwe sawa na fundi. Lakini yule ambaye kazi yake yauzwa kwa mteja, huyo ni mfanyakazi, na Mtume Yakobo aonya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana.

La tatu, kila anayeanza apewe mkubwa wake, naye mkubwa apewe saa za kumfundisha. Pasipo hilo, kumwajiri ni kumtupa majini.

Nalisema hili la tatu kwa mkazo kwa sababu ya jambo jipya. Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote, mashine za akili unde zimeenea, nazo huandika zenyewe maagizo mengi mepesi. Kazi hizo nyepesi ndizo zilizokuwa mvukuto wa mwana wa mhunzi. Mwenye kampuni aweza kushawishika kusema: kwa nini nimlishe kijana, na mashine yapuliza moto bure? Basi namwuliza: miaka 20 ijayo, wahunzi wako wamezeeka, ni nani atakayejua saa gani nyundo ishuke, ikiwa hukumruhusu mtu kukaa karibu na moto? Papa Leo wa Kumi na Nne, siku mbili baada ya kuchaguliwa mwezi Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba alichagua jina lake hasa kwa kumkumbuka Leo wa Kumi na Tatu, aliyetetea wafanyakazi katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891. Na kwamba akili unde yaleta mashindano mapya kwa heshima ya mtu, kwa haki na kwa kazi. Maneno hayo hayakusemwa kwa Ulaya tu.

Na sisi je?

Nimewafundisha matajiri, sasa yanipasa kuungama. Siku chache baada ya kijana yule kuondoka, nilipekua faili la ofisi yetu ya gazeti nikitafuta risiti. Nilikuta tangazo tulilolitoa mwaka uliotangulia, la kutafuta mtu wa kutunza kompyuta zetu. Mstari wa nne ulisema: awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu. Chini yake kulikuwa na sahihi yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Niliunakili kutoka tangazo la wengine, kwa kuwa ndivyo watu wanavyoandika.

Nami ni nani wa kuandika hivyo? Nilipopewa daraja, Askofu hakuniuliza nina miaka mingapi ya upadre. Alinituma kwa paroko mzee. Mazishi yangu ya kwanza nilipoteza ukurasa mbele ya wafiwa. Yule mzee alisogea taratibu, akaniwekea kidole mahali panapofaa, wala hakunitajia tena jambo lile. Kanisa lajua tangu zamani kwamba mtu hawi mchungaji kabla ya kuchunga. Nililipokea jambo hilo bure, nikasahau kulitoa.

Nilimwita kijana. Sikuwa na nafasi ya kudumu ya kumpa, wala sikumdanganya kwamba ninayo. Halmashauri ya parokia ilikubali kumlipa kwa miezi mitatu, fedha si nyingi, aandike programu ya daftari la zaka za jumuiya ndogondogo; na mlei mmoja wa parokia yetu, mtu wa makamo anayefanya kazi hiyo mjini, alikubali kuitazama kazi yake kila Jumamosi. Juma la pili mama mmoja alikuja analia: alikuwa ametoa zaka yake yote, na karatasi yasema hajatoa. Kumbe parokiani walikuwamo kina mama wawili wenye jina moja la ubatizo na jina moja la baba, na programu ilikuwa imeziweka zaka za wote wawili kwa mmoja. Kijana aliinama kwa aibu. Yule mlei alimwambia: "Hilo hukulisoma chuoni, sivyo? Hata mimi sikulisoma. Mtafute mama huyo, umwombe radhi, halafu tuone jinsi ya kuwatofautisha." Nadhani siku ile alipata uzoefu zaidi kuliko katika karatasi yoyote ambayo ningaliweza kuipiga muhuri.

Miezi ilipokwisha nilimwandikia barua. Ilisema miezi mitatu, si miaka mitatu. Ilitaja programu aliyoiandika, ilitaja kosa, na jinsi alivyolitengeneza. Alipewa mwaliko wa mazungumzo ya kazi mara moja tangu hapo. Kazi hajaipata bado. Sitaki msomaji adhani kwamba ukweli hulipwa siku ile ile.

Katika Injili twasoma habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka sokoni jioni, saa ya kumi na moja, akakuta watu wangali wamesimama. Aliwauliza kwa nini wanakaa bila kazi mchana kutwa, nao walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Twapenda kuufafanua mfano huo kwa habari za neema, na ni halali. Lakini mara nyingi twalipita upesi jibu lile la watu wa sokoni, lisilo na kisingizio wala uongo. Mwenye shamba hakuwauliza wamelima mashamba mangapi kabla ya hapo. Aliwaamini, akawatuma.

Basi, wewe mwenye duka, mwenye shule, mwenye zahanati, mwenye ofisi ya serikali au ya Kanisa: litazame tangazo lako kabla hujalitoa, uusome mstari wa nne. Sisi wetu tumeufuta.